Msingi wa Kawaida

Bonde la Kyela halina mawe. Asiyelijua atadhani natia chumvi, lakini chimba popote unapotaka, kuanzia mjini hadi ufukweni mwa ziwa, utakuta udongo mweusi, kisha mchanga, kisha maji, na jembe lako halitagonga kitu. Tulipokuwa watoto tuliwinga ndege kwenye mpunga kwa madonge ya udongo mkavu, na mafiga ya mama yangu yalikuwa ya kufinyanga, yamenunuliwa kwa Wakisi wa ufukweni pamoja na vyungu. Nyumba zetu zilikuwa za mianzi na udongo. Masika, mto ulipovunja kingo, tulipanda vitandani na kuku wetu tukakaa huko mpaka maji yachoke yenyewe. Nayaeleza haya mwanzoni kwa sababu pasipo kuyajua hutaelewa ubaya wa maneno matatu niliyoyaandika baadaye kwenye ripoti.

Nilikuwa darasa la pili wakati wazee wa chama chetu cha ushirika, upande wa Talatala, walipoamua kujenga ghala la mpunga ambalo mto hautaliweza. Fundi aliwaambia bila mawe wasijisumbue. Basi wakaweka sharti ambalo sijalisikia kwingine: kiingilio cha uanachama hakitakuwa fedha, kitakuwa mtumbwi mmoja wa mawe. Mawe yenyewe yalikuwa Matema, kule milima inakoshuka ziwani bila hata kupumzika. Mwanachama alikwenda na ndugu zake, akaokota, akapakia, akapiga kasia kufuata ufukwe mpaka Itungi, na kutoka Itungi mawe yakaja kwa mikokoteni ya ng'ombe na kwa vichwa vya watu. Mitumbwi miwili ilizama. Watu waliokolewa, mawe yakabaki chini ya ziwa, na wenyewe wakarudi Matema kuanza upya, maana sharti ni sharti.

Baba yangu alikwenda mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili yake, mara ya pili kwa ajili ya jirani yetu mjane. Alirudi mabega yamechubuka, mama akayapaka mafuta ya mawese. Msingi ulichimbwa mpaka ukamfika mtu mzima kifuani, na kwa kuwa kwetu ukichimba unakaribisha maji, wanawake walipanga mstari na ndoo kuyachota usiku na mchana huku wanaume wakipanga mawe. Mama alikuwa kwenye mstari huo. Ninamkumbuka akirudi nyumbani vidole vimesinyaa kwa maji, hawezi hata kumenya ndizi.

Jengo lilipokamilika lilikuwa refu, la matofali ya kuchoma na bati, mashine ya kukoboa upande mmoja na ghala upande wa pili, ukuta mmoja katikati. Mto ulikuja masika ya kwanza, ukalizunguka, ukaondoka. Kuanzia hapo mkulima wa kwetu hakulazimika tena kuuza mpunga wake ukiwa bado umesimama shambani, kwa bei ya mwenye gari. Aliuweka ghalani, akasubiri Januari. Baba alisubiri Januari nyingi, na kwa Januari hizo mimi nikaenda sekondari ya bweni, kisha chuo cha ardhi, nikawa mthamini wa majengo na viwanja. Yaani ghala lile ndilo lililonisomesha kazi niliyokuja kulimalizia nayo.

Sasa niruke miaka mingi. Nilifanya kazi ofisi ya ardhi serikalini mpaka ilipokuja ile miaka ya biashara huria, tulipoambiwa serikali imebeba watu wengi mno na wengine tushuke. Nilishuka. Nilipewa kiinua mgongo kilichoisha kabla sijaunyoosha huo mgongo, nikakaa nyumbani Mbeya miezi kumi na moja nikitazamana na mke wangu na watoto wanne. Kisha mtu mmoja tuliyesoma naye, aliyenizidi akili ya maisha, akafungua ofisi binafsi ya uthamini, vyumba viwili juu ya duka la vipuri, akaniita. Namwita mkuu wa ofisi, ingawa ofisi ilikuwa yeye, mimi na dada mpigachapa.

Kazi haikukosekana. Kila kilichokuwa cha umma kilikuwa kinauzwa: maghala, viwanda, nyumba za wageni, mashamba, hadi mizani. Na hakuna kinachouzwa bila karatasi yenye bei, na karatasi hiyo tulikuwa tunaiandika sisi. Ungedhani tulikuwa watu wakubwa. Wapi. Mnunuzi alikwisha kujulikana, bei ilikwisha kujulikana, siku ya kutia saini ilikwisha kupangwa, kilichobaki ilikuwa ni mhuri wetu, na mhuri ulitakiwa jana. Aliyechelewa alinyimwa kazi nyingine. Aliyetaja bei isiyopendeza aliambiwa hajui soko. Nimewahi kuthamini kiwanda nikiwa nimekaa kwenye gari, injini inaunguruma, kwa sababu aliyenileta alikuwa na safari.

Siku moja mkuu wa ofisi aliniita akanipa jalada. Nikasoma jina la mahali, nikalisoma tena. Lilikuwa jengo letu. Chama kilikuwa na deni la zamani ambalo viongozi wake walilikopa kwa pembejeo, wengine wao wakiwa wamekwisha kufa, na sasa mfilisi alikuwa ameteuliwa kuuza mali ili deni liishe. Maelekezo yalikuwa wazi. Kama jengo zima likithaminiwa juu ya kiwango fulani, ingetosha kuuza upande wa mashine, na ghala lingebaki kwa wakulima. Likithaminiwa chini ya kiwango hicho, lingeuzwa lote. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa mpunga, yule yule ambaye magari yake yalikuwa yanawangoja watu mashambani kila mavuno. Huyo mashine hakuwa na shida nayo. Alilitaka ghala, kwa sababu mkulima mwenye ghala anaweza kusema hapana.

Nilimwambia mkuu wa ofisi kwamba hapo ni kwetu, na baba yangu ni mwanachama, hivyo kwa taratibu za kazi nisiende. Akacheka. "Mcheza kwao hutunzwa," alisema. Kisha akaacha kucheka, akanieleza kwamba mfilisi yule ana majengo kumi na mawili mengine kutoka Rungwe mpaka Mbozi, na hili ni la kutupima. Leo Jumatatu, kesho niende, Ijumaa ripoti iwe mezani kwake. Mshahara wangu wa miezi mitatu ulikuwa haujatoka, na wote wawili tulijua ungetoka wapi.

Nilikwenda Jumanne na pikapu ya mfilisi, pamoja na karani wake, kijana mtanashati aliyetazama saa kila tulipopita daraja. Tulifika saa nne hivi. Wazee walikuwa wamekwisha kukusanyika, kama kumi na wawili, wamevaa makoti yao ya kanisani katika joto la Kyela. Nilipoteremka nikawaona nyuso zinafunguka. Walikuwa wamengoja mgeni wa kuwaua, akateremka mtoto wao. Wakapiga makofi. "Mugonile, mugonile," wakanisalimu kwa heshima ya wingi, mimi ambaye nusu yao walinichapa nilipoiba miwa. Baba alisimama nyuma kabisa, hakutaka ionekane anajipendekeza.

Nilipima jengo kwa futi kamba, karani akinishikia upande wa pili huku akilalamika vumbi. Kuta zilikuwa nzima. Bati lilikuwa na kutu sehemu chache. Sakafu haikuwa na ufa hata mmoja, na mtu aliyeona majengo ya bonde lile yanavyopasuka katikati kama andazi atajua maana yake. Nilipomaliza nje, mzee mmoja akatoka kwenye kundi akiwa na jembe. Alikuwa mwenyekiti wa zamani wa chama, mrefu, mkono wake wa kushoto hauna kidole gumba. Jiwe lilikipondaponda Itungi wakati wa kupakua. Akasema wanataka kuchimba kwenye kona, ili msingi uonekane, mimi niuone na huyu kijana wa serikali auone, tuandike.

Ilikuwa rai sahihi kabisa. Ndivyo kazi inavyotakiwa kufanywa. Shimo moja la ukaguzi, saa moja na nusu ya kazi, karani akiwa shahidi, na hakuna ambaye angeweza kuyakana mawe yale baadaye.

Karani akatazama saa yake. Akasema mbele yao kwamba akimngoja kila mzee achimbe shimo lake hatafika Mbeya leo. Wote wakanigeukia mimi. Nami nikasema, kwa Kinyakyusa, ili karani asinielewe, kwamba hakuna haja, msingi ule naujua, niliuona ukijengwa kwa macho yangu, mama yangu alichota maji pale. Nikasema mtoto haonyeshwi njia ya kwao.

Mzee yule akalitazama jembe, akanitazama mimi. Najua alichotaka kusema. Lakini kwetu, kumchimbia shimo mtoto wa nyumbani baada ya kusema anajua ni kumwambia mbele ya mgeni kwamba ni mwongo, na kumwambia baba yake pia, aliyesimama pale pale. Hakuna mzee wa bonde lile ambaye angefanya hivyo. "Ndaga fijo," alisema, asante sana, akaliegemeza jembe ukutani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wazee wale waliujua msemo huo vizuri kuliko mimi, lakini heshima iliwazidi nguvu.

Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini nilisema vile. Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba nilitaka kuwahisha gari. Sasa nimezeeka na sina mtu wa kumdanganya. Mahali fulani moyoni, hata kabla ya kuteremka kwenye pikapu, nilikuwa nimekwisha kujua Ijumaa itakuwaje, na nilijua kwamba shimo likichimbwa nitakosa pa kujificha. Hiyo ndiyo kweli, na inanuka.

Tulipokuwa tunaondoka baba alinisogelea mlangoni mwa gari. Hakuniuliza habari za watoto wala za kazi. Alishika mlango, akasema maneno mawili tu.

"Andika mawe."

Nikamwambia nitaandika, Tata.

Na niliandika. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii kitu. Jumatano nilikaa na kikokotozi, nikatumia njia tunayoitumia kwa majengo ya namna ile: unakadiria gharama ya kulijenga upya leo, kisha unatoa uchakavu. Kwenye gharama nikaweka mawe, usafirishaji wake kutoka Matema, kina cha msingi, uchotaji wa maji. Uchakavu nikaweka mdogo, kwa sababu ulikuwa mdogo. Jumla ikapita kile kiwango bila kuhangaika. Nilimpelekea mkuu wa ofisi rasimu kabla ya chakula cha mchana nikiwa na furaha ya kijinga. Nilidhani nimeshinda.

Baada ya chakula ikarudi mezani kwangu. Hakuwa ameandika kitu ila alama ya penseli pembeni ya jumla, na maneno "iangalie tena". Nikaiangalia tena. Nikaongeza uchakavu kidogo, kwa ajili ya kutu ya bati. Bado ilipita. Ikarudi: iangalie tena. Mkuu wa ofisi hakuwahi katika maisha yake kunitajia tarakimu anayoitaka. Angenitajia ningeweza angalau kumchukia. Alikuacha uitafute mwenyewe gizani kwa kupapasa, mpaka uigonge, ili siku ya mwisho ionekane ni tarakimu yako.

Alhamisi jioni, dada mpigachapa akiwa amevaa koti tayari kuondoka, mkuu wa ofisi aliniita ofisini kwake. Alikuwa na uchovu wa kweli usoni, simwonyeshi kama shetani. Naye alikuwa na kodi ya vyumba viwili na mfilisi aliyempigia simu mara nne siku ile. Aligeuza rasimu yangu mpaka ukurasa wa msingi.

"Haya mawe," alisema, "uliyaona?"

Nikamwambia nilikuwepo yalipopangwa.

"Ulikuwa darasa la pili. Nauliza Jumanne. Ulichimba?"

Nikasema sikuchimba.

"Mthamini anaandika alichokiona kwenye ukaguzi. Hukuchimba, hukuona. Akikuuliza mtu kesho, ushahidi wako ni nini, hadithi za baba yako?"

Alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonimaliza. Uongo wote tuliokuwa tukiuandika ofisini mle ulikuwa ukinisumbua kidogo tu, kama kiatu kinachobana, lakini siku ile nilivunjwa kwa kanuni ya kweli ya kazi, niliyofundishwa chuoni na mwalimu mwadilifu. Akaniambia kwa upole kwamba jengo ambalo msingi wake haukukaguliwa huandikwa una msingi wa kawaida, na msingi wa kawaida katika bonde lenye mafuriko, kwa umri ule, hauna thamani ya kutisha. Uchakavu wake unajulikana. Nifanye hesabu mwenyewe.

Ningeweza kumwambia narudi Kyela kesho asubuhi nikachimbe. Basi la kwanza linaondoka alfajiri. Jembe lilikuwa bado limeegemea ukuta. Ripoti ingechelewa siku moja, labda mbili. Niliyafikiria hayo yote nikiwa nimesimama pale, nikawafikiria wanangu, wa kwanza akiwa amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada, nikafikiria miezi ile kumi na moja. Nikachukua rasimu. Nikaandika: msingi wa kawaida. Nikaongeza uchakavu mpaka asilimia sabini. Jumla ikashuka chini ya kiwango kwa tofauti ndogo, ndogo ya aibu, na mkuu wa ofisi alipoiona hakuandika kitu pembeni. Dada mpigachapa akavua koti akapiga chapa. Ijumaa saa tatu ripoti ilikuwa kwa mfilisi, ina saini yangu na mhuri, na mchana huo nikalipwa mshahara wa miezi miwili kati ya mitatu.

Jengo likauzwa lote kabla ya mavuno.

Baba alikuja Mbeya mwezi uliofuata bila kutuma salamu. Kwa desturi yetu mke wangu hawezi kuonana na baba mkwe wake, kwa hiyo alipomwona kwa mbali akipanda kilima aliingia ndani akafunga mlango wa mbele, na baba hakusogelea nyumba. Alisimama mwisho wa kiwanja, penye ua wa maua, amejikunyata kwa baridi ya Mbeya ambayo hakuwa na nguo zake. Jirani alituletea kwenye sinia chai aliyoipika mke wangu, akaiweka juu ya kigoda akaenda zake. Chai ikapoa. Nilimsikia mke wangu akikohoa nyuma ya dirisha, akijua kinachokuja na asiweze kutoka kuja kuniokoa.

Baba alieleza kwamba mfilisi aliwasomea ripoti kwenye mkutano, kwa Kiingereza kwanza, kisha karani akaifasiri. Walisikiliza mpaka mwisho wakingojea mawe. Mzee wa jembe alinyoosha mkono akaomba isomwe tena, labda ukurasa umerukwa. Ikasomwa tena.

"Uliuona msingi?" baba aliniuliza.

"Msingi hauonekani, Tata," nikasema. "Uko chini."

Sikuwahi kabla ya siku ile kumwona baba akitafuta maneno. Alikuwa mtu wa maneno machache lakini yalikuwa tayari siku zote.

"Ndiyo sababu tulileta jembe," alisema.

Hakunigombeza. Ningetoa mali yoyote anigombeze. Alikunywa ile chai baridi yote, kwa adabu, ili mkwewe asijione amedharauliwa, akaomba niwasalimie watoto, akateremka kilima kwenda stendi. Nilimfuata hatua kadhaa, akanipungia mkono nirudi. Aliishi miaka sita mingine na hakulitaja tena jambo lile, wala hakukanyaga tena Mbeya. Nilipokwenda nyumbani alinipokea, alinikaribisha wali wa mpunga mpya, tuliongea habari za kokoa na za ng'ombe. Lakini mpunga ule alikuwa anauuza shambani mwezi wa sita, kwa bei ya mwenye gari, na Januari ilipofika alikuwa akinunua mchele dukani. Nililiona hilo kila mwaka. Nilikula na nikameza.

Niliendelea na kazi. Watu hupenda kusikia kwamba mtu aliacha, alijuta akawa mkulima. Mimi nilithamini yale majengo kumi na mawili yote.

Masika ya mwaka wa sita baba alikufa kwa homa. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, na nyumbani kwake ardhi ilikuwa imelowa kiasi kwamba kaburi lilikuwa kisima. Ndugu wakasema lazima lijengewe mawe ndani, la sivyo kuta zitabomoka kabla hatujamshusha. Nikatumwa mjini nikatafute mawe, kwa kuwa ndimi niliyekuwa na fedha. Sikujua pa kuanzia. Mawe Kyela?

Nikaambiwa yapo, kwenye barabara ya Talatala, pale lilipokuwa ghala.

Mfanyabiashara wa mpunga alikuwa ameamua kwamba ghala limefanya kazi yake, maana watu walikwisha kuzoea kuuza shambani. Alikuwa amelibomoa ajenge nyumba ya wageni. Kuta zilichukua siku tatu. Msingi, aliniambia msimamizi wa pale, ulichukua wiki tano, na mitaimbo ilipinda. Mawe yalikuwa yamerundikwa kando ya barabara, makubwa, ya bluu yenye michirizi, bado yana saruji ya zamani, na yalikuwa yanauzwa kwa trela la trekta. Nikasimama mbele ya rundo lile. Kazi ya miaka mingi haimtoki mtu: kabla sijajizuia nilikuwa nimeyahesabu kwa macho matrela, nikazidisha kwa bei aliyonitajia, nikaondoa kuporomoka kwa shilingi tangu mwaka wa ripoti. Mawe matupu, yaliyolala kwenye majani, yalizidi thamani niliyoliandikia ghala zima.

Msimamizi alipoona kitambaa cha msiba mkononi mwangu akataka kunipunguzia. Nikamkatalia. Nikalipa bei aliyoitaja mwanzo, nikapanda nyuma ya trela, nikaketi juu ya mawe kuyazuia yasidondoke njiani.

Tulipofika nyumbani, waliokuwa wakichimba walitoka shimoni kusaidia kupakua. Mmoja wao alikuwa yule mzee wa jembe. Alikuwa mzee kupita umri wa kuchimba, lakini alikataa kukaa na waombolezaji. Alipokea jiwe la kwanza kwa mkono wake wenye vidole vinne, akalipangusa udongo kwa kiganja, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Sasa umeyaona," alisema.

Nikamjibu nimeyaona. Akaliweka jiwe chini, akaokota jembe lake, akarudi kuchimba, na maji yalikuwa yamekwisha kuanza kuingia.